Mimba ya wiki 29, nyonga zinaniuma: nikakandwe au nisiguswe?

Swali lenyewe hili hapa, nimelipunguza kidogo tu:

"Assalamu aleikum dada. Niko Langoni, Lamu, mimba ya pili, wiki 29. Mfupa wa mbele huku kinenani waniuma kama wataka kupasuka na tako la kushoto lanikata, usiku kugeuka ni mashaka, ngazi za nyumba yetu nazipanda nikilia. Mavyaa ataka nende kwa mama mmoja mkandaji, asema nyonga zimeachana anirudishe na amtazame mtoto kama amekaa sawa. Mume wangu asema nisiguswe kabisa mpaka nizae. Nifuate la nani? Na kwa hali hii nitazaa kawaida kweli?"

Waaleikum salaam mdogo wangu, pole sana. Nianze na jibu kabisa maana najua hapo unasoma umekalia tako moja: mavyaa wako yuko sawa nusu na mumeo yuko sawa nusu. Kukandwa unaweza, na kunasaidia, ila ni misuli ya makalio na mgongo wa chini, basi. Tumbo lisiguswe, mfupa wa mbele usiguswe, na asikwambie mtu kuna mifupa ya kurudishwa kwa sababu hakuna kilichotoka mahali pake.

Mi ni fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi na mikono), hapa Malindi na kina mama wa nyonga ndo wagonjwa wangu wa kila wiki, na hii ya "nyonga zimeachana" naisikia kila kukicha, kwa hivyo wacha niieleze vizuri. Nyonga ni duara la mifupa na duara hilo lina viungo vitatu, kimoja mbele hapo kinenani na viwili nyuma, pale penye vile vishimo viwili juu ya makalio. Siku zote viungo hivi havichezi sana, vimeshikwa na kano ngumu. Ukishika mimba kuna homoni, relaksini ikiwa mojawapo, zinalegeza zile kano ili njia ya mtoto ipatikane, na hiyo ni kwa kila mjamzito si wewe peke yako. Kwa mtu asiye na mimba pale mbele kati ya mfupa na mfupa pana nafasi ya kama milimita 4 au 5, na mimba ikiongeza milimita 2 au 3 ni kawaida kabisa. Kuachana kwenyewe daktari anakuhesabu nafasi ikipita milimita 10, na hiyo ni nadra, na ikitokea mara nyingi ni wakati wa kuzaa, sio wiki ya 29 mtu yuko jikoni anapika.

Sasa utauliza, kama wote tunalegea mbona jirani yangu ana mimba kubwa kuniliko na anaruka tu? Swali zuri. Watu wanailaumu homoni lakini walipopimwa kina mama haikuonekana kwamba mwenye relaksini nyingi ndo mwenye maumivu mengi. Anayeumwa zaidi mara nyingi ni yule aliyewahi kuumwa mgongo au nyonga kabla, au mimba iliyopita ilimfanya hivi hivi, au kazi zake ni za kuinua na kuinama, au ana mtoto mdogo wa kubeba (na we ni mimba ya pili, kwa hivyo nakisia huyo wa kwanza bado yuko ubavuni, tutarudi kwake). Viungo vikicheza kidogo bila kusawazika, upande mmoja unafanya kazi ya pande mbili, misuli inaona hatari inajikaza ikilinde kiungo, na misuli iliyokaza usiku na mchana ni kama mlinzi wa geti aliyekesha, asubuhi hana ila hasira. Hilo tako la kushoto linalokukata ndo huyo.

Kwa hivyo una maumivu mawili yamechanganyika, kiungo kilichochokozeka na misuli iliyokaza. Mkono wa mtu unaifikia misuli tu. Kiungo hakikandwi, kinatulizwa na namna unavyolala, unavyopanda, unavyobeba, na ndo maana mtu anakandwa leo anasikia raha mpaka magharibi halafu kesho asubuhi yako pale pale, anasema mkandaji hajui, kumbe mkandaji kafanya kazi yake ila yeye karudi kubeba ndoo kwa mkono mmoja. Utafiti nao unasema hivyo hivyo kwa lugha yake: ushahidi wa masaji peke yake kwa nyonga za wajawazito ni mdogo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa kliniki za wajawazito wa mwaka 2016 limeweka mbele mazoezi ya mara kwa mara kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na kwa matibabu likataja fiziotherapia, mikanda ya kushikilia na akupancha (tiba ya vijisindano), mama mwenyewe achague kinachomfaa na kinachopatikana. Masaji mi naipenda na natumia, ila naitumia kukufungulia saa kadhaa za nafuu ufanye mengine.

Na tulia, hali hii inawapata karibu mjamzito 1 kati ya 5, na mtoto haimdhuru.

Kabla hujaguswa na mtu jipime kitu kimoja. Lala chali kidogo tu, dakika moja hivi, usikae hapo maana kwa wiki zako tumbo linalalia mshipa mkubwa wa damu na utasikia kizunguzungu. Nyoosha miguu, inua mguu mmoja juu kama sentimita 20 bila kukunja goti, usikie uzito wake, halafu mwingine. Kisha dadako au mumeo akae pembeni aweke viganja vyake viwili kwenye mifupa ya ubavuni mwa nyonga, kimoja kulia kimoja kushoto, abane kuelekea ndani kwa upole huku we unainua tena. Mguu uliokuwa mzito kama gogo ukawa mwepesi? Basi nyonga yako inataka kushikiliwa na leso (kanga) itakufaa, nitakwambia inafungwaje. Kama haijabadilika kitu, leso haina haja sana, weka nguvu kwenye mengine.

Haya, kukanda kwenyewe. Huhitaji mtu maalum, mumeo akiwa hajaenda baharini anaweza, dadako anaweza, na kwa kweli nikiwa nafundisha napenda mume aje mwenyewe kwa sababu yule anayesema "usiguswe" mara nyingi ni woga tu, akishaonyeshwa anatulia. Lala ubavu wa kulia ili tako linalouma liwe juu, mto katikati ya magoti ufike mpaka kwenye vifundo vya miguu (sio magotini tu, mguu ukining'inia unaivuta nyonga), na kamto kadogo au leso iliyokunjwa chini ya tumbo. Wengine wanapenda kukaa kwenye stuli na kuegemea kitanda kwa mbele juu ya mito, hiyo pia nzuri, bora magoti yasipanuke.

Mafuta ni ya nazi, yale yale ya jikoni, yapashwe kidogo kwa viganja. Mafuta ya karafuu makali, dawa za kuchua zinazowaka ngozi, jeli za diklofenak, hivyo acha mpaka umeuliza kliniki kwa sababu vingine vinaingia mwilini kupitia ngozi. Na mafuta ya mbarika ni ya nje, akikwambia mtu unywe kijiko "ulainishe njia" mkatalie, yanaweza kukuanzishia tumbo.

Mkono uanze juu ya tako, sehemu ya nje na juu, ukiweka kiganja hapo utasikia kinundu kigumu ambacho ukikigusa unashtuka. Hapo asirukie. Aanze pembeni kwa kiganja kizima, mviringo mpole, dakika mbili tatu mpaka pamepata joto, ndo sasa kwa kisigino cha mkono abonyeze kile kinundu taratibu, ashikilie kama pumzi zako tatu ndefu, aachie taratibu, asogee kidogo, arudie. Wewe ndo mwenye usukani: maumivu ukiyapa alama kwa 10 yasipite 4, yale ya kusema "hapo hapo", ukianza kukunja uso na kuzuia pumzi amezidisha. Baadaye apande kwenye misuli ya mgongo wa chini, pande zote mbili za uti lakini si juu ya uti wenyewe, kwa viganja kuelekea nje. Ndani ya paja pia hukaza sana kwa mtu anayeumwa kinenani, hapo ni kupapasa kwa upole kutoka juu kidogo ya goti mpaka katikati ya paja, asiende juu zaidi. Robo saa inatosha upande mmoja, na usiku kabla ya kulala ndo wakati mzuri. Ukiamka kesho yake umezidi kuumwa kuliko jana, walikukanda kwa nguvu, siku nyingine nusu ya hiyo.

Ukiwa peke yako chukua mpira wa tenisi, simama mgongo ukutani, uweke kati ya tako na ukuta, jiegemeze hapo hapo usiruke ruke. Kabla ya kukandwa taulo la maji ya moto lililokamuliwa, dakika kumi juu ya tako, linasaidia sana. Pale mbele kinenani ni kinyume, panataka baridi: barafu kidogo, hata ile ya wauza samaki mradi iko kwenye mfuko safi, izungushie leso uweke dakika kumi. Mara nyingi mtu akishafanya hiyo anashangaa alikuwa anapaunguza na maji ya moto kwa nini.

Miguu sasa. Kama mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto, mwekundu au unauma kwenye shavu la mguu, usikandwe mguu huo na mtu yeyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito damu yake huganda kirahisi kuliko mtu wa kawaida na bonge la damu likisukumwa na mkono linaweza kupanda mapafuni.

Turudi kwa mavyaa na mkandaji wake. Mi siwadharau wakandaji, wapo kina mama wa makamo huku pwani wana mikono ambayo sisi wenye vyeti tunaionea wivu, anakugusa mgongo anajua ulilala vipi. Shida yangu na hao ni moja, na hapo sina utani, ni tumbo. Kulikanda, kuliinua, "kumweka mtoto sawa". Kwa wiki 28 karibu mtoto 1 kati ya 4 amekaa kwa matako, na wengi wao wanageuka wenyewe, mpaka siku za kuzaa wanabaki kama 3 au 4 kwa 100. Kwa hivyo hata akikwambia mtoto amekaa vibaya leo, kwa wiki 29 hiyo sio habari. Mtoto akigoma kugeuka, madaktari nao wanamgeuza kwa mikono kupitia tumboni, lakini ni kuanzia wiki 36 au 37, na wanafanya hospitalini ultrasaundi ikiwa pembeni, mapigo ya mtoto yanasikilizwa, na chumba cha upasuaji kiko tayari, na hata hivyo inafaulu kama nusu ya mara. Sasa fikiria hayo yote waliyojiwekea wao, halafu mtu akufanyie ukiwa juu ya mkeka bila chochote. Kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu ikavuja kwa ndani, na kutoka hapo ni kukimbizana na dakika.

Kumkatalia mavyaa ni kazi najua, nyumba moja ngazi moja. Usimwambie "dada mmoja kanikataza", mwambie kliniki wameandika, na nenda kweli uwaulize, watakuandikia kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto. Halafu mpe ushindi wake: mwambie mama nitaenda, ila anikande kiuno na makalio, tumbo daktari kasema lisiguswe. Na we mwenyewe kabla hujalala kwenye mkeka wa huyo mama muulize akikanda mjamzito humlaza vipi. Akisema kifudifudi, au chali saa nzima, au anasikia raha kukwambia ukilia ndo dawa inaingia, kunywa chai yake uage.

Leso. Unajua mkaja unavyofungwa mtu akishazaa, sasa huu wa mimba haukai hapo, unakaa chini zaidi. Kunja leso kwa urefu mpaka upana uwe kama kiganja na nusu, ipitishe nyuma chini kidogo ya vile vishimo viwili, ije mbele chini ya tumbo kabisa juu ya mfupa wa kinena, ibanane na ile mifupa ya ubavuni mwako aliyoishika dadako kwenye kile kipimo. Fundo liwe pembeni lisikuchome. Ibane ukiwa umesimama, iwe imekushika lakini vidole viwili vipite. Ikipanda juu ya tumbo umeifunga vibaya, ifungue. Ivae ukiwa na kazi au safari, ukikaa na ukilala ivue, misuli nayo isijezoea kubebwa. Mikanda ya dukani ipo ukiipata, lakini leso ya pamba inayokwaruza kidogo inashika vizuri tu, zile laini za kuteleza hazifai.

Sasa hapa ndo penye dawa yenyewe, usipapite juu juu. Kanuni ni moja, magoti yako yawe marafiki, yaende pamoja, na usisimamie mguu mmoja. Chukua siku yako uihesabu uone ni mara ngapi unaivunja. Kuvaa: kaa kitandani ndo uvae, usisimame mguu mmoja kama korongo. Mbuzi ya kukunia nazi: unaikalia miguu imepanuka, umeinama, bega moja linasukuma, yaani kama ningetaka kumuumiza mtu nyonga kwa makusudi ningempa mbuzi na nazi tatu. Wachia mtu mwingine, au nunua iliyokunwa, wali hautajua. Choo cha kuchuchumaa ni hadithi hiyo hiyo, ukipata cha kukalia tumia, usipopata shikilia kitu ukishuka na ukiinuka na usipanue zaidi ya haja. Mtoto wako wa kwanza usimbebe ubavuni, ndo kile kitendo kinachosukuma nyonga upande mmoja, kaa chini akupandie mapajani, na kama lazima kumbeba mbebe mbele katikati.

Ngazi za nyumba za mawe za Amu nazijua, nyembamba na kila kipawa kirefu kama kiti. Panda mguu mzima kwanza, ule mbovu uufuate kwenye kipawa hicho hicho, kushuka anza na mbovu. Kipawa kimoja kimoja, mkono ukutani, na usibebe kitu. Panda mara chache, ukiwa juu kusanya haja zako zote ndo ushuke. Na kama nyumba yenu ina chumba cha chini omba uhamie huko hizi wiki zilizobaki, hiyo peke yake nimeona imewatoa watu machozi kuliko dawa yoyote. Uwanja wa boti pia ni pabaya, ule mkao wa mguu mmoja gatini na mwingine kwenye boti linayumba ndo mtihani mkubwa kwa kiungo cha mbele. Ukivuka kwenda Mokowe au Manda kaa kwenye ukingo kwanza, zungusha magoti yote mawili pamoja, ndo usimame, nahodha atangoja, ana haraka gani. Kwa kina mama wa huku kwetu Malindi, tuktuk badala ya boda, na ukikaa boda ule ubavu ndo umejipinda kabisa.

Kitandani: kitanda cha kamba kilicholegea hakikufai, godoro gumu kidogo hata likiwa chini. Kugeuka ndo umelalamikia zaidi. Tandika kipande cha kitambaa cha kuteleza, buibui la zamani linatosha, chini ya kiuno mpaka mapaja. Ukitaka kugeuka kunja magoti yote mawili, yabane mto, vuta pumzi, ukiwa unaitoa geuka mabega na magoti kwa pamoja kwenye kile kitambaa, utateleza badala ya kujikokota. Kuamka ni ubavu, miguu yote miwili ishuke, mkono usukume. Na lala ubavu siku zote kuanzia sasa, wowote, madaktari wanashauri hivyo kuanzia wiki 28.

Swala: kile kitendo cha kutoka sijida kuinuka na kukalia mguu mmoja kwenye tahiyatu kinakuua, nawasikia wengi wakisema wanajikaza. Sali kwenye kiti, na ukiwa na wasiwasi muulize shekhe, hatakunyima.

Mazoezi mafupi: ukiwa umekaa, mto kati ya magoti, ubane polepole hesabu tano, uachie, mara kumi, ukiuma mbele punguza nguvu ya kubana, usitake ushujaa. Piga magoti na mikono, pindisha mgongo juu taratibu kama unaunyoosha kisha urudi sawa, usiubonyeze chini. Na bana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, ila usifanye ukiwa unakojoa. Kila siku, kidogo kidogo. Kutembea tembea, lakini hatua fupi, na ukirudi ukaumwa zaidi ulikwenda mbali.

Dawa: panadol ndo ya kwanza, kwa kipimo cha kliniki, na ndani ya saa 24 usipite vidonge 8 vya miligramu 500. Brufen, diklofenak na jamaa zake utauziwa duka la dawa bila swali, ila Marekani mwaka 2020 mamlaka ya dawa ilitoa onyo zisitumiwe kuanzia wiki 20 bila daktari kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji yake yakapungua. Wewe umeshapita hapo.

Kuna maumivu ambayo si ya kukandwa wala kufungwa leso, usiyasingizie nyonga. Yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio tumbo likikaza, damu, maji kutoka, homa, mkojo unaochoma, kichwa kinachopasuka na macho kuona nyota, uso au mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, ganzi katikati ya mapaja au mkojo kukutoka bila kujua, au mguu kushindwa kabisa kukubeba. Haya ni hospitali moja kwa moja. Wewe uko mjini, hospitali ya kaunti ya King Fahad haiko mbali, lakini anayesoma akiwa Pate au Faza ajue kwamba maji yakipwa mfereji wa Mkanda ni shida kupitika, kwa hivyo dalili ikitokea asubuhi usingoje uone jioni, ondoka maji yakiwa yamejaa, na namba ya simu ya mwenye boti uwe nayo mkononi.

Ukienda kliniki waambie wazi "nyonga inauma hivi na hivi", usiseme tu "mgongo", na uulize fiziotherapia kama ipo, hospitali nyingi za kaunti zina kitengo. Akupime, atakuonyesha mazoezi kwa mwili wako, mi hapa nakuandikia sijakuona.

Na kuzaa. Utazaa kawaida inshallah, nyonga kuuma peke yake sio sababu ya kupasuliwa, na kupasuliwa hakuhakikishi kwamba itapona haraka. Ila kuna kazi ya nyumbani: ukiwa na afadhali lala nusu umeegemea mito, fungua magoti pole pole mpaka pale maumivu yanapoanza, mtu apime kwa rula umbali kutoka goti hadi goti, uandike kwenye kijitabu chako. Siku ya kuzaa mwonyeshe nesi hiyo namba na umwambie miguu yangu isipanuliwe zaidi ya hapa, maana ukiwa kwenye uchungu au umepewa dawa husikii ukizidisha, utasikia kesho. Mikao mizuri kwako ni ubavu, au magoti na mikono, au kupiga magoti umeegemea kitanda, ile ya chali miguu juu ndo mbaya kuliko zote. Na ukishazaa wengi hutulia wiki za mwanzo, wengine inachukua miezi. Arubaini yako lala, kula, acha wakukande makalio na mgongo wapendavyo, mkaja sasa nao una nafasi yake tumboni, lakini ndoo na yule mkubwa wa kubeba waachie wenye nyumba. Maumivu yakizidi miezi mitatu bado unachechemea rudi kwa fizio usiambiwe ni uzazi tu.